Mizizi Aliyokukatia Mama Mdogo

Veronika, mwanangu,

Nimewaona mkipita kando ya shamba la maharage ya ngwara, wewe na mama yako mdogo Anastazia, mmeshikana mikono kama wasichana wa rika moja, mnakwenda kuaga majirani. Mlinikaribisha twende wote, nikasema nina kazi jikoni. Sina kazi yoyote jikoni. Ugali nitasonga mkirudi. Nimekaa dirishani upande wenye mwanga, nimechukua kalamu yako nyekundu ya kusahihishia kwa sababu ile ya buluu umeshaifungasha, na ninaandika haraka, maana mkirudi mtaanza kucheka na mimi nitashindwa kusema.

Sitakuambia habari za blanketi, wala kuchemsha maji ya kunywa, wala kumheshimu mwalimu mkuu. Baba yako amekuambia yote hayo, na alipodhani umesahau akakuambia tena. Kesho lori litakupandisha Ngorongoro, litapita ukingoni mwa kreta kwenye ule ukungu wa asubuhi, likushushe ng'ambo ya pili uende Enguserosambu kufundisha watoto wa wafugaji. Nakuombea safari njema. Lakini ninachotaka kukuandikia kinahusu kile kifurushi cha gazeti kilicho juu ya sanduku lako.

Leo mchana nilikuwa nimesimama mlangoni na ungo wa maharage. Nilimwona mama yako mdogo akipiga magoti kwenye tuta la maua ya airisi, anachimbua mizizi, anakata majani yabaki nusu, anapaka jivu pale kisu kilipopita, anaifunga kwenye gazeti. Nawe umechuchumaa karibu yake. Nikakusikia unasema, "Mama mdogo, nikatie na ile ya zambarau iliyokolea."

Airisi hizo ziko uani kwangu. Ninazipalilia mimi. Wewe ukangoja mpaka Anastazia atoke kwake Buger kwa miguu, ndipo uombe kukatiwa. Nilishikwa na wivu, Veronika. Mtu mzima, mvi kichwani, ungo wa maharage mkononi, nimeshikwa na wivu mpaka nikachanganya maharage mabovu na mazima. Sasa ndiyo nimemaliza kuyachambua upya.

Si mara ya kwanza, na nataka ulisikie jambo hili kutoka kwangu kabla hujaondoka.

Nilipoolewa na baba yako ulikuwa hujaanza shule. Mama yako aliyekuzaa, Martina, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Tuliishi kule kwenye nyumba ya zamani, mteremkoni, karibu na msitu. Siku ya kwanza nilipofika, kabla sijaona chungu wala kitanda, niliona maua. Yalikuwa yamejaa pande zote mbili za mlango, marefu, majani yake kama sime zilizochomekwa ardhini, na maua yenyewe ya zambarau yenye ndevu za njano. Sikuwahi kuona ua lenye ndevu. Nikamuuliza baba yako ni maua gani, akasema, "Ni ya Martina."

Martina alikuwa amefanya kazi nyumbani kwa mzungu mmoja mwenye shamba la ngano. Yule mzungu alipofunga virago kurudi kwao, mkewe aliwaambia wafanyakazi wachukue wanachotaka. Wengine walichukua viti, wengine sufuria. Martina aliingia bustanini akatoka na mizizi kwenye kanga. Jina la airisi alilitoa kwa yule mama wa kizungu, lakini kijiji kizima kiliyaita maua ya Martina. Watu wakija kunisalimia mimi, bibi arusi, walisimama kwanza mlangoni, wakayatazama, wakatikisa kichwa, ndipo wakapiga hodi.

Na wewe ulikuwa unakaa pale. Unakula ugali wako pale, unasinzia pale. Martina ulikuwa unamwita aayo, yaani mama kwa Kiiraqw. Mimi, baba yako alipokulazimisha, uliniita mama, kwa Kiswahili, kama unavyomwita mama yeyote sokoni. Huenda leo hulioni kuwa ni jambo. Mimi nililiona kila siku.

Kumwonea wivu mtu aliye hai kuna nafuu. Anakosea, unaona, unapumua. Martina hakuwa anaunguza ugali tena. Hakuwa anakukaripia. Alikuwa anachanua tu.

Basi nikaamua kumshinda kwa maua yake mwenyewe. Nilitaka watu waseme kwamba tangu Katarina aje, maua yamezidi. Nikaanza kuyamwagilia asubuhi na jioni, wakati wanawake wengine wanabana maji ya kupikia. Nikaona mizizi yake minene, inayofanana na tangawizi, imekaa uchi juu ya udongo, nikadhani Martina alikuwa mvivu wa kufukia. Nikaifukia yote. Juu yake nikaweka samadi mbichi kutoka zizini. Nilifanya kazi ile kwa bidii kuliko nilivyowahi kukupikia uji, Mungu anisamehe.

Kabla ya masika kwisha, majani yakaanza kulala. Siku moja nilivuta jani likatoka lote mkononi, na chini yake kulikuwa na ute wenye harufu ya yai viza. Baba yako alikuja, akanusa, akanitazama, akaenda zizini. Wewe ulisimama mlangoni ukaniuliza, "Umeyafanya nini?"

Nikakujibu, "Nimeyatunza."

Mpaka leo sijui kama ulielewa kwamba lile lilikuwa jibu la kweli.

Ndipo Operesheni Vijiji ikatufikia. Viongozi walipita nyumba kwa nyumba wakasema kila mtu ahamie kijiji kipya, nyumba zipangwe kwa mstari, kuwe na shule na zahanati. Lori likaja. Baba yako aling'oa mlango, akang'oa nguzo nzuri, akapakia kuku. Alipofika kwenye maua akasema, "Haya yamekwisha kufa. Tuyaache." Wewe ukaenda ukakaa katikati ya tuta, umeshika majani mikono miwili. Dereva anapiga honi, baba yako anakuita, wewe hulii wala husogei.

Mimi nikachukua jembe nikaanza kuchimbua.

Ningependa kukuandikia kwamba nilikuhurumia. Ukweli ni kwamba niliona tukiyaacha pale, utayakumbuka yakiwa mazuri maisha yako yote, na mimi nilikuwa nimechoka kushindana na kitu kizuri kisichoonekana. Nilitaka uyabebe, uyaone yakikauka mbele ya macho yako, tumalizane. Nikakata sehemu zilizooza kwa panga mpaka nikafikia pale penye nyama nyeupe, nikatupa kila kitu kwenye gunia, na gunia nikakupakatisha. Ukatulia.

Kule kijijini tulilala kwenye kibanda cha nyasi wakati baba yako anajenga. Gunia nililirusha juu ya paa, kwenye jua, nikalisahau. Nilikuwa na furaha yangu nyingine. Kijiji kile kilikusanya watu kutoka pande zote, na wengi hawakumjua Martina. Kwenye foleni ya maji wanawake waliniona nimekushika mkono, wakaniuliza mtoto anaitwa nani, nikawaambia. Kuanzia siku ile wakaniita Mama Veronika. Lohay, mdogo wako, alikuwa hajazaliwa bado, na hapakuwa na jina jingine la kuniita. Sikuwasahihisha. Niliitika. Jioni nilijikuta natafuta kisingizio cha kurudi kisimani ili niitwe tena.

Anastazia akaja akaliharibu jina hilo.

Alitoka Buger kwa miguu, mdogo wake Martina, amebeba asali na maziwa ya mgando. Alifika kisimani kwanza, akaulizia nyumba ya Gabrieli, baba yako. Wale wanawake wakamwonyesha kwangu: "Huyo hapo mkewe, Mama Veronika." Anastazia akatua mzigo chini.

"Mnamwita nani Mama Veronika?" akasema. "Mama Veronika tumemzika."

Ndoo zilisimama. Nilibeba debe langu nikaondoka, na maji yakanimwagikia mgongoni njia nzima.

Nyumbani hakuzungusha maneno. Alimwambia baba yako, mbele yangu, "Shemeji, nimekuja kumchukua mtoto. Na ile mizizi ya dada, kama ipo, nipe niende nayo. Kwangu kuna maziwa, kuna nyumba yenye kuta. Hapa mnalala kwenye nyasi kama kondoo."

Alisema kweli tupu. Usiku uliopita mvua ilikuwa imekunyeshea.

Baba yako akanigeukia. "Katarina, wewe ndiye unayeshinda naye. Sema."

"Mtoto haondoki," nikasema.

"Kwa nini?" Anastazia akaniuliza.

"Kwa sababu ni wangu."

Nilikuwa sijawahi kulisema neno hilo, hata kimoyomoyo. Na sasa naweza kukuandikia jambo ambalo kwa mdomo limenishinda miaka yote: nilikuzuia kwa wivu. Ungekuwa umeombwa na mtu mwingine, shangazi wa mbali au masista wa misheni, huenda ningekufungia nguo zako. Nilichoshindwa kuvumilia ni yeye awe nawe. Kukupenda kulikuja baadaye, nyuma ya wivu, kama ndama aliyeachwa na kundi anavyokuja akiwa peke yake, na mimi sikujua kama angefika.

Anastazia hakubishana. Aliniangalia kama mtu anayepima mzigo kama atauweza au la. Kisha akasema, "Basi nipe mizizi."

Nikapanda nikashusha gunia. Nilitegemea vumbi. Alilifungua, akatia mkono, akatoa kipande kimoja, akakisogeza kwenye mwanga. Majeraha ya panga langu yalikuwa yamekauka na kufunga kama kovu, na pembeni kilikuwa kimetoa ncha ya kijani.

"Nani alikufundisha kuianika juani?" akauliza.

"Hakuna. Niliitupa."

Akacheka. Nilitaka kukasirika nikashindwa, nikacheka pia. Baba yako akatoka nje, akatuachia kibanda. Ndipo Anastazia akanieleza mambo ambayo dada yake alimfundisha: kwamba mmea huu unaogopa maji kuliko kiu, kwamba mgongo wa mzizi unapaswa kukaa nje kama mjusi anayeota jua, na nyuzi zake tu ndizo ziingie ardhini, kwamba samadi mbichi ni sumu yake. Alipokuwa akisema hivyo mimi niliinamisha uso. Alijua. Hakuniuliza kitu. Tuligawana gunia, nusu yeye, nusu mimi, na kabla ya kuondoka alipanda vipande vyangu pamoja nawe, mikono yenu imeshikana kwenye udongo. Nilitazama kutoka mlangoni. Naona nimetazama mambo mengi kutoka mlangoni.

Tulikubaliana likizo zako ziwe zake. Kila ukirudi kutoka Buger ulikuwa umenenepa, nywele zimesukwa vizuri kuliko ninavyosuka mimi, na unazungumza kwa sauti yake. Ilikuwa inanichukua wiki nzima kukurudisha.

Utakumbuka ua la kwanza. Labda nawe umelibeba moyoni miaka yote hii. Airisi hazikuchanua mapema. Zilikaa majani tu mpaka tukakata tamaa. Mwaka ambao hatimaye zilitoa shina moja, wewe ulikuwa Buger. Lilichanua Jumamosi. Ua la airisi halidumu, baada ya siku ya tatu linakunjamana kama karatasi iliyolowa. Nilijua unarudi Jumatatu. Nikalikata. Jumapili nililipeleka kanisani nikaliweka altareni, na watu wote wakauliza ni ua la nani, nikasema, "La kwangu."

Ulirudi ukaona shina lililokatwa.

"Liko wapi?"

"Nimelipeleka kanisani."

"Ulijua narudi leo?"

Ningeweza kukudanganya. Nikasema, "Nilijua."

Asubuhi yake hukuwepo. Nilijua ulikokwenda, nikafuata njia ya Buger bila hata kunywa chai. Nilipita mashamba ya ngano nikikuita, nikiwauliza watu kama wamemwona msichana mwenye sweta la kijani. Mchungaji mmoja wa mbuzi akasema amekuona. Mwingine akasema hakuona mtu. Mahali pale kati ya yule aliyekuona na yule ambaye hakukuona, nilikaa chini katikati ya njia nikalia kwa sauti. Sikumfikiria Martina, wala Anastazia. Nilifikiri kuhusu miguu yako, kwamba viatu viko nyumbani chini ya kitanda. Nadhani ndipo yule ndama alipofika.

Anastazia alikuwa ameketi uani anapukuchua mahindi. Alinyoosha mkono kuelekea ndani. "Amefika. Amekula, amelala. Kaa."

Nikakaa. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na nilikuwa na matusi yangu pia. Alinipa hindi nami nipukuchue. Tukafanya kazi muda mrefu. Kisha akasema bila kuniangalia, "Unajua analala akisema nini hapa kwangu? Mama anapika hivi. Mama hapendi hivi. Mama akikasirika anaimba. Likizo nzima nasikia habari zako mpaka nachoka."

Nikachukua hindi jingine.

"Nakuonea wivu, Katarina," akasema. "Nimezaa wavulana watupu. Yule ana uso wa dada yangu, na wewe ndiye unayemwamsha kila asubuhi. Mimi nagawiwa likizo kama kibarua."

Unataka kujua nilijisikiaje? Nilifurahi. Vibaya sana, Veronika, nilifurahi. Nilitembea miaka na wivu wangu nikidhani niko peke yangu, kumbe kuna mtu wa upande wa pili ananitazama mimi. Nikampenda kuanzia siku ile, na wivu wangu haukupungua hata kidogo. Vyote viwili vinakaa ndani yangu mpaka leo, na havigombani.

Wewe pia unao. Usikatae. Lohay alipozaliwa, nilikukuta unamfinya mguu, kisha unambusu palepale ulipomfinya. Sikukuchapa, kwa sababu nilikutambua. Ninachoweza kukuambia ni hiki tu: ukikushika, useme mapema, wakati bado ni mdogo kiasi cha kuchekwa. Mimi niliufukia na kuumwagilia, na harufu yake uliisikia.

Huko uendako kutakuwa na akina mama. Wanawake wa Kimasai watakupa maziwa kwenye kibuyu, watakuvisha shanga, watakuita binti yao kwa lugha yao, nawe utaitika. Uitike vizuri. Nakuarifu tu kwamba mimi nitawaonea wivu wote, hata nisiowajua majina.

Kuhusu kile kifurushi. Usiogope kikikaa njiani; mizizi hii imeshalala juu ya paa na haikufa. Tafuta mahali penye jua la asubuhi, mawe kuzunguka ili ng'ombe wasikanyage. Siku zitakapopita na vipande vikasongamana, vitaacha kuchanua, na watu watakuambia uviongezee mbolea. Usisikie. Chimbua, ugawe. Utakuta kipande cha katikati, kikubwa, kisicho na jani hata moja. Hicho ndicho kilichozaa vyote vya pembeni, na hakitatoa ua tena. Anastazia hutupa. Leo nilimwona anakirusha kwenye majivu. Mimi nimekwenda nyuma yenu kukiokota, nimekifukia nyuma ya jiko. Najua ni upuuzi. Sitaki kuelezwa.

Nawasikia mnakuja. Unacheka, na yeye anakuambia upunguze sauti. Niache nimalizie kwa ombi moja, na usimwambie.

Siku itakapochanua ya kwanza huko Enguserosambu, najua utaandika barua mbili, moja Buger na moja hapa. Ni haki yake na ni haki yangu. Ila hii ya kwangu itie posta kwanza. Ya kwake ingoje lori linalofuata. Nataka kwa siku chache tu, katika maisha yangu yote, nijue jambo lako ambalo Anastazia halijui, nikae nalo peke yangu, halafu nifunge kanga, niende Buger kwa miguu, nikamwambie mimi.

Mama yako,
Katarina